Mkono wa Papa haukusikika

Wamama, wengi mmeniuliza kwa nini tulienda studio mara mbili kwa ajili ya gitari ya baba mkwe wangu. Najibu hapa, maana kati yenu wako wanaotaka kurekodi wazee wao au kwaya ya watoto, na dola hazipatikani kirahisi.

Papa ana miaka 81. Alijifunza gitari akiwa kijana, kwa kusikiliza santuri za Mwenda Jean Bosco wa Bunkeya: kidole gumba kinapiga besi, kidole cha shahada kinaimba juu. Vidole viwili tu! Siku hizi viungo vimevimba. Anaweza wimbo mmoja, pengine miwili kwa siku, kisha anaweka gitari chini.

Mara ya kwanza, studio ya hapa mjini ilitumia waya peke yake, kutoka kwenye kidude kilichofichwa pale nyuzi zinapokaa juu ya mbao, moja kwa moja hadi kompyuta. Ilikuwa mvua, na waya hausikii mvua juu ya mabati wala jenereta ya jirani. Sauti ilitoka safi kabisa. Nyumbani Papa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Ni nani huyu anayepiga?"

Hakuwa anatania. Waya unachukua mtetemo wa nyuzi, lakini mbao inayoitika, ukucha unaogusa uzi, hewa ya chumba, hivyo vyote unaviacha. Masanga ya Mwenda, aliyoirekodi Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, mpaka sasa inasikika kama mtu ameketi mbele yako. Tracey alikuwa na kawaida ya kushika mikro mkononi mwake, akiisogeza kumfuata mpigaji.

Mara ya pili tulikwenda kwa kijana mmoja wa Katuba. Yeye akaweka vyote viwili, waya na mikro, kila sauti ikihifadhiwa peke yake. Mikro aliiweka karibu nusu mita, ikitazama pale shingo ya gitari inapoungana na mwili. Mbele ya tundu hakutaka, kwa sababu pale besi inavuma kupita kiasi.

Papa akapiga vizuri. Lakini sauti mbili zilipounganishwa, nilishtuka: nyembamba, kama redio yenye betri zinazokwisha.

"Ni muda, mama," kijana akaniambia. Sauti ikipita hewani inachukua karibu sehemu 3 za elfu za sekunde kwa kila mita. Waya unafika papo hapo, mikro inakuja nyuma kidogo. Sikio halitambui kuchelewa huko, lakini wimbi moja likipanda wakati lingine linashuka, yanafutana. Akasogeza sauti ya waya nyuma hadi zikalingana. Ikawa mbaya zaidi! Nikahesabu dola zangu kuwa zimepotea. Kumbe kidude cha gitari kilikuwa kinatoa wimbi lililogeuzwa, juu chini. Akabonyeza kitufe kimoja cha kuligeuza, na gumba la Papa likarudi chumbani.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi. Mikro ikawa juu, waya chini yake kidogo kushikilia besi, na pale jenereta ilipowaka katikati ya wimbo, waya ukapandishwa. Alisikiliza pia kwenye simu yake, kwa sababu ndipo ndugu watakaposikilizia.

Kabla ya kulipa, ulizeni kama watatumia vyote viwili, na mwombe mpewe kila sauti peke yake kwenye kifaa chenu cha kuhifadhia. Mchanganyo ukiharibika, mtu mwingine anaweza kuurudia bila kumsumbua mzee tena.

Papa alisikiliza jioni hiyo, kichwa kimeinama. "Hapa nimechelewa," akasema, akionyesha kwa gumba.

Wimbo wa pili vidole vilimkatalia katikati. Tunao huo mmoja.