Redio ikikwama kwenye ‘UPDATE’: Mambo ya kufanya kabla ya kushika bisibisi

Jumamosi jioni watoto wamekaa mkekani wakisubiri katuni. Televisheni inawaka, king’amuzi kinawaka, lakini sauti haitoki. Kwenye kioo cha risiva ya muziki kumeandikwa neno moja tu, UPDATE, na halitoki. Rimoti ikibonyezwa, kimya. Kitufe cha kuwashia kikibonyezwa, kimya.

Hapo ndipo baba huitafuta bisibisi, mama akashauri waya uchomolewe na kuchomekwa tena, na mtoto mkubwa naye akaanza kubonyeza kila kitufe anachokiona. Kila mmoja ana nia njema, ila haraka hiyo inaweza kukiua kabisa kifaa ambacho kingepona, na wakati mwingine kumweka mtu wa familia kwenye hatari ya umeme.

Risiva inayozungumziwa hapa ni kile chombo kinachopokea sauti kutoka kwenye televisheni, king’amuzi, deki au simu na kuzigawa kwenye spika. Hom thieta na baadhi ya sabufa mpya zenye intaneti nazo hupata tatizo hilihili.

Kwa nini inakwama

Vifaa vya muziki vya siku hizi vina kompyuta ndogo ndani yake. Kompyuta hiyo huongozwa na programu iliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kifaa. Mtengenezaji anapotaka kurekebisha kasoro au kuongeza kitu kipya, hutoa toleo jipya la programu hiyo, na kifaa hulipakua kwa intaneti au hulisoma kutoka kwenye flashi.

Wakati wa kusasisha, programu ya zamani hufutwa kidogo kidogo na mpya huandikwa mahali pake. Umeme ukikatika katikati, units za LUKU zikiisha, bando likikata au mtoto akichomoa waya, kifaa hubaki na programu nusu. Kikiwashwa tena, sehemu ndogo inayokianzisha hukagua, ikaona kazi haijakamilika, ikagoma kuendelea. Hubaki pale pale ikisubiri faili kamili.

Hivyo risiva iliyokwama mara nyingi haijaungua. Kinachokosekana ni programu iliyo nzima.

Si kila mara kosa ni la mwenye kifaa. Juni 2020, mashine nyingi za Blu-ray na hom thieta za Samsung katika nchi mbalimbali zilianza kujizima na kujiwasha zenyewe bila kikomo, ingawa wenye nazo hawakuwa wamefanya lolote. Kampuni hiyo iliwataka wateja wazipeleke zirekebishwe bila malipo. Ni vizuri mzazi akumbuke hilo kabla ya kumgombeza mtoto.

Hatua ya kwanza ni kusubiri

Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu watoto wanalalamika na kifaa kinaonekana kimekufa. Lakini kusasisha kwa intaneti kunaweza kuchukua dakika 20, saa moja au hata zaidi mtandao ukiwa mzito. Ukichomoa waya wakati kifaa bado kinaandika, unakuwa umelisababisha tatizo lenyewe.

Njia rahisi ya kujua ni kupiga picha kioo cha risiva kwa simu, kisha kupiga nyingine baada ya dakika 15. Kama namba, asilimia au vidoti vimesogea, kazi inaendelea na kifaa kiachwe. Kama picha zote zinafanana kwa saa mbili au zaidi, hapo kuna sababu ya kusema kimekwama. Picha hizo zisifutwe, kwani zitamsaidia fundi.

Muda huo wa kusubiri unatosha kuwaondoa watoto eneo hilo na kuwapa shughuli nyingine.

Kuchomoa kwa utaratibu

Mzazi akisharidhika kwamba kifaa kimekwama, akizime kwa kuchomoa waya kwenye soketi. Rimoti peke yake haitoshi, kwa sababu kifaa kilichozimwa kwa rimoti bado kina umeme ndani.

Baada ya hapo achomoe nyaya nyingine: za HDMI, ya intaneti, flashi na spika. Televisheni na king’amuzi vinaweza kutuma ishara za kukiamsha kifaa kupitia waya wa HDMI, na flashi yenye faili bovu inaweza kukirudisha kwenye hali ileile kila kinapowaka.

Kiachwe bila umeme kwa dakika 30 hivi, kisha kichomekwe peke yake kwenye soketi ya ukutani. Kuna vifaa vinavyohifadhi nakala ya programu ya zamani, na hivyo huweza kurudi katika hali ya kawaida kwa hatua hii tu.

Kuweka programu upya kwa flashi

Kama neno UPDATE limerudi, njia inayofuata ni kukipa kifaa faili kamili. Hapa panahitaji umakini zaidi kuliko ufundi.

Kwanza, jina kamili la aina ya kifaa lisomwe kwenye lebo iliyo nyuma, pamoja na herufi za mwisho. Herufi moja inaweza kutofautisha kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Ulaya na cha soko jingine, na faili la kimoja lisifae kwa kingine.

Pili, faili lipakuliwe kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Faili linalosambazwa kwenye makundi ya simu haliaminiki hata kama aliyelituma ni ndugu.

Tatu, flashi iandaliwe kwa mfumo wa FAT32, ambao ndio vifaa vingi vya muziki husoma. Flashi kubwa zaidi ya GB 32 mara nyingi huja na mfumo mwingine, hivyo ndogo ni bora. Kuandaa flashi hufuta kila kitu kilichomo. Picha za ubatizo, za mahafali ya chekechea au za bibi na babu zihamishwe kwanza.

Nne, faili likija limefungwa kama furushi la ZIP, lifunguliwe kwenye kompyuta, kisha lililo ndani liwekwe kwenye flashi bila kuingizwa kwenye folda yoyote, isipokuwa kama maelekezo yanasema vinginevyo. Jina lake lisibadilishwe.

Namna ya kukiambia kifaa kisome flashi hutofautiana, na kitabu cha maelekezo ndicho cha kufuata. Kwa mfano, kwenye risiva nyingi za Yamaha za mfululizo wa RX-V, kitufe cha STRAIGHT hushikiliwa huku cha MAIN ZONE kikibonyezwa, na kioo huonyesha ADVANCED SETUP. Humo kuna chaguo la UPDATE la kusoma flashi, na INIT la kurudisha mipangilio ya kiwandani. Kampuni nyingine zina vitufe vyao. Aliyepoteza kitabu anaweza kukipata kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa kuandika namba ya kifaa.

Kazi ikianza, hakuna kugusa kitu hadi kioo kiseme imekamilika.

Mfuniko usifunguliwe nyumbani

Kama hatua hizo zimeshindikana, kishawishi kinachobaki ni kufungua mfuniko. Hapa ndipo suala la redio linageuka kuwa suala la afya.

Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230. Ndani ya risiva kuna kapasita, vifaa vyenye umbo la kopo dogo vinavyohifadhi umeme. Kapasita inaweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa, na mtu akiigusa kwa kidole au bisibisi anaweza kupigwa shoti au kuungua. Fundi aliyefunzwa anajua namna ya kuuondoa umeme huo kwa usalama. Baba mwenye bisibisi ya jikoni hajui, na mtoto wa miaka mitatu anayechungulia pembeni anajua kidogo zaidi.

Watoto pia huiga. Aliyemwona baba akifungua redio leo anaweza kujaribu mwenyewe kesho akiwa na dada wa kazi tu, na pengine asikumbuke kuchomoa waya.

Ikitokea mtu amenaswa na umeme, asishikwe kwa mikono. Mein swichi izimwe kwanza. Kama haiwezekani, asukumwe kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme, kama mti mkavu, na anayemwokoa asimame mahali pakavu. Akiwa hapumui, kifua kianze kubinywa mara moja huku msaada ukiitwa. Aliyeungua amwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, baada ya umeme kuzimwa. Mtoto aliyepigwa na umeme apelekwe hospitali hata kama anaonekana mzima, kwa sababu umeme unaweza kudhuru moyo na misuli bila alama kubwa kwenye ngozi.

Jambo jingine ni rimoti. Katika kuhangaika na kifaa, rimoti hufunguliwa na betri kuachwa mezani. Baadhi ya rimoti ndogo hutumia betri bapa kama kitufe cha shati. Betri hiyo ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuanza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili. Mtoto anayeshukiwa kuimeza apelekwe hospitali papo hapo bila kulazimishwa kutapika.

Kumtafuta fundi

Kifaa chenye dhamana kirudishwe kwa aliyekiuza kabla mtu yeyote hajakifungua, kwa sababu stika ya dhamana ikichanika mara nyingi dhamana nayo huisha.

Kisichokuwa na dhamana kipelekwe kwa fundi mwenye uzoefu wa vifaa vya kisasa. Aulizwe mapema kama ana uwezo wa kuandika upya kumbukumbu ya kifaa, maana hiyo ndiyo kazi inayohitajika mara nyingi. Bei ya kukagua na ya kutengeneza zielezwe mwanzoni, na kikibadilishwa kifaa chochote, cha zamani kirudishwe kwa mwenyewe. Fundi aonyeshwe picha zilizopigwa na aambiwe kila kilichojaribiwa nyumbani.

Ikipona, sauti ianzie chini

Hili ndilo wazazi wengi hulisahau kwa furaha. Risiva iliyorudishwa kwenye hali ya kiwandani hupoteza mipangilio yote, ikiwemo kikomo cha sauti kama mzazi alikuwa amekiweka. Spika za nyuma zinaweza kutoka na nguvu tofauti, na mtoto anaweza kuwa ameweka sikio kwenye sabufa akisikiliza kama imepona.

Kwa hiyo sauti ishushwe hadi chini kabisa kabla ya kucheza chochote, watoto wakae mbali, kisha ipandishwe taratibu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, walitoa viwango vya usikilizaji salama kwa vifaa vya kubebeka. Kwa mtu mzima kiwango ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa watumiaji wanaohitaji ulinzi zaidi, kama watoto, ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kila sauti inapoongezeka desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu: saa 40 huwa 20, kisha 10, kisha 5. Sikio halijali kama sauti hiyo imetoka kwenye simu au kwenye spika ya sebuleni.

Chembe zinazopokea sauti ndani ya sikio la binadamu zikifa hazioti tena. Kipimo rahisi cha nyumbani ni mazungumzo: kama watu wawili walio umbali wa mkono mmoja wanalazimika kupaza sauti ili wasikilizane, muziki umezidi.

Risiva nyingi zina sehemu ya kuweka kikomo cha juu cha sauti na kiwango cha kuanzia kila inapowashwa. Vyote viwili viwekwe upya siku hiyo hiyo.

Kuzuia isitokee tena

Kusasisha kufanyike mchana, umeme ukiwa umetulia, units zikiwa za kutosha na bando likiwa la kutosha. Mwenye UPS aitumie. Waya wa intaneti ni wa kuaminika kuliko hotspoti ya simu ambayo inaweza kupigiwa katikati ya kazi. Mpangilio wa kusasisha wenyewe unaweza kuzimwa, ili kifaa kisianze kazi hiyo usiku kila mtu akiwa amelala.

Namba ya kifaa, nywila ya intaneti na kikomo cha sauti kilichowekwa viandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati. Na kama baada ya haya yote mtoto bado anaongeza sauti kila mara, anauliza “eti?” akiitwa, au anasema masikio yanalia, tatizo haliko kwenye redio. Apelekwe kliniki akapimwe masikio.