Kimeng'enya: maana, utendaji na uthabiti

Kimeng'enya (wingi: vimeng'enya, ngeli ya KI-VI) ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia bila yenyewe kumalizika. Neno hili limetokana na kitenzi meng'enya, yaani kulainisha na kuvunjavunja chakula tumboni. Huandikwa kwa ng' yenye ritifaa, kwa kuwa sauti yake ni ile ya ng'ombe. Kisawe chake ni enzimu.

Asili ya neno isimfanye msomaji adhani kuwa vimeng'enya hupatikana tumboni tu. Mfano ulio karibu ni kimea. Nyegina, katika Mkoa wa Mara, kama kwingineko unakotumiwa ulezi, kimea hupatikana kwa kulowesha nafaka, kuiacha ichipue, kuianika na kuisaga. Mbegu inapoota huunda amilasi, kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari ya kulisha chipukizi. Unga wa kimea ukitiwa katika uji mzito uliopoa kiasi, uji hulegea na kupata utamu bila kuongezwa maji wala sukari. Hiyo ndiyo siri ya togwa. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walichunguza njia hiyo kwa ajili ya watoto wadogo, maana uji uliolegezwa kwa maji hujaza tumbo bila kushibisha mwili, ilhali uliolegezwa kwa kimea hubaki na unga wake wote.

Uji ukiwa bado unatokota, kimea hakifui dafu. Protini ni mnyororo uliokunjwa kwa umbo maalumu, na umbo hilo ndilo linaloshika wanga na kuukata. Joto likizidi, mikunjo hufumuka na kazi hukoma. Uwezo wa kimeng'enya kudumisha umbo lake huitwa uthabiti.

Kiwango cha joto kinachofumua mikunjo si kimoja. Aghalabu hufuata makazi ya kiumbe. Bakteria wa baharini huonyesha jambo hili waziwazi. Pseudoalteromonas haloplanktis wa bahari ya Antaktiki ana amilasi inayofanya kazi vizuri kwenye baridi, lakini hufumuka karibu na nyuzijoto 44 za Selsiasi. Thermotoga maritima, aliyegunduliwa katika mashapo ya moto ya bahari huko Italia na kuelezwa mwaka 1986, huishi hata kwenye nyuzijoto 90, na vimeng'enya vyake huvunja wanga katika joto ambalo amilasi ya kimea haiwezi kulistahimili kwa muda mrefu. Umbo lililolegea hurahisisha kazi kwenye baridi. Lililokazwa hustahimili moto.

Matumizi

Utendaji si uthabiti. Utendaji ni kasi ya kazi. Uthabiti ni kudumu kwa umbo. Amilasi ya Antaktiki ni tendaji, lakini si thabiti.

Kimeng'enya hakifi, kwa sababu hakina uhai. Hamira na bakteria ni viumbe, navyo hufa. Kwa hiyo:

Si sahihi: Joto liliua vimeng'enya vya kimea.
Sahihi: Joto liliharibu vimeng'enya vya kimea.
Sahihi: Joto liliua hamira.