Mtoto Huyu Alizini Lini?

Juma lililopita niliabiri matatu kutoka Kawangware kuelekea katikati ya jiji. Nyuma yangu waliketi vijana watatu waliovaa sare za shule ya upili, wakizungumza Sheng kwa sauti ya juu. UKIMWI waliuita "mdudu", na habari zake walizijua barabara: jinsi unavyoambukizwa, kinga yake, hata dawa za kupunguza makali. Lakini mmoja alipomtaja rafiki yao apataye maumivu akienda haja ndogo, sauti zilishuka ghafla. Walikubaliana kwamba heri anunue vidonge kichinichini kuliko kwenda hospitali "kuulizwa maswali".

Mimi ni mwalimu wa isimu, si daktari. Hata hivyo, nilijiuliza ni nini kilichowafanya wanong'one. Jibu moja, naamini, limo katika lugha yetu. Maradhi haya tunayaita magonjwa ya zinaa. Zinaa, neno lenye asili ya Kiarabu, ni dhambi ya kujamiiana nje ya ndoa. Basi mgonjwa hutiwa hatiani kabla hajapimwa. UKIMWI, kwa upande wake, ni ufupisho wa Ukosefu wa Kinga Mwilini. Jina hilo laeleza hali ya mwili tu.

Sisemi kwamba wagonjwa wa UKIMWI hawakunyanyapaliwa. Walinyanyapaliwa mno. Lakini tangu serikali ilipoutangaza kuwa janga la taifa mwaka wa 1999, umezungumzwa madarasani, makanisani na misikitini hadi vijana wakaujua. Kisonono, kaswende na klamidia hayakupata bahati hiyo.

Nayo yote matatu hutibika. Pale River Road, kituo cha afya cha Casino kimejulikana kwa miaka mingi kwa tiba ya maradhi ya aina hii. Alichokosa kijana yule si mahali pa kutibiwa, bali ujasiri wa kuutaja ugonjwa wake. Wakati huohuo, dawa za kubahatisha huvifanya vijidudu vya kisonono kuwa sugu. Klamidia nayo, ambayo aghalabu haionyeshi dalili yoyote, yaweza kumfanya msichana awe tasa.

Tena, mke mwaminifu huweza kuambukizwa na mumewe, na mtoto akazaliwa na kaswende. Mtoto huyo alizini lini?

Walimu wenzangu, maadili na tuyafunze. Sipingi hata kidogo. Lakini tunapofunza afya, tuseme magonjwa ya ngono, tuyataje moja moja kwa majina yake, tueleze dalili na tiba, na mwanafunzi anayeuliza tusimkazie macho kana kwamba ameungama. Nanyi wanafunzi, msione haya kuuliza.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Kwa maradhi haya, methali hiyo si fumbo tena. Ni ukweli mtupu.