Mtoto Anapolipa Deni la Baba (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye sheria: ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayokataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini. Leo tubishe hodi kwa mzazi anayempeleka mtoto machimboni.

Ukimwambia baba wa Masumbwe, mkoani Geita, kwamba amemtia mwanawe utumwani, atakuona umekuja kumtukana. Yeye mwenyewe alichunga ng'ombe tangu mdogo, akapalilia, akateka maji. Kwa Wasumbwa na Wasukuma, mtoto asiyejua kazi huwatia aibu wazazi wake. Hapo sioni kosa. Wahamasishaji wanaochanganya kuosha vyombo na kushuka duarani, yaani kwenye shimo la mgodi, hujipotezea wasikilizaji bure.

Shida huingia na deni. Baba amekopa mahindi Januari, ghala likiwa tupu, kwa ahadi ya mdomo kwamba atalipa akivuna. Mvua ikikataa, mkopeshaji hagombani na mtu. Anasema tu: "Basi kijana aje anisaidie mpaka mambo yakae sawa." Yatakaa sawa lini? Karatasi hakuna, na ugali anaokula kijana kwa tajiri nao huandikwa kwenye deni. Baba anaona amelinda heshima yake kwa kutodhulumu mtu. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1956 ulikwisha kuyaweka katika kundi moja na utumwa haya mawili: kazi ya kulipia deni lisilo na kikomo, na mzazi kumkabidhi mtoto kwa mwingine ili atumikishwe, awe amelipwa au hakulipwa.

Wapo pia wanaopiga hesabu nyingine. Ada ya sekondari ya serikali hadi kidato cha nne ilifutwa 2016, ila sare, madaftari na michango vipo palepale. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anashinda kijiweni, huku mwenzake aliyeacha shule akapata jiwe zuri amenunua pikipiki. Hesabu hiyo si ya kijinga. Imesahau tu wale wengi walioshuka duarani wakatoka na vumbi, na imesahau zebaki.

Maana mzazi mara nyingi hafiki mwaloni. Huko unga wa mawe huoshwa, zebaki ikachanganywa kwenye karai kwa mikono mitupu, kisha donge likachomwa kwenye makaa ili dhahabu ibaki. Mvuke wake hauonekani, na hushambulia mishipa ya fahamu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch, baada ya kuzunguka machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, liliripoti watoto wa hata miaka minane wakifanya kazi machimboni.

Kwa hiyo swali la kumuuliza baba si kama mwanawe anafanya kazi. Aulizwe: kijana akirudi nyumbani kesho asubuhi, nani atakuja kukudai? Akimtaja mtu, tuanze kuzungumza na huyo mtu, na mtendaji wa kijiji awepo.

Wiki ijayo: wasichana wanaopelekwa kazi za ndani Mwanza, na mshahara unaopokelewa na mjomba.