Lugha ya Darasa la Kwanza na Usawa wa Masomo katika Kongo

1. Nia ya makala

Makala haya yakusudia kueleza kwamba usawa wa masomo nchini mwetu huanzia katika lugha anayoikuta mtoto siku anapoingia darasa la kwanza. Majengo, vitabu na mishahara ya walimu ni mambo ya lazima pia, lakini wengine wameyashughulikia kwa kirefu. Sehemu yetu sisi wataalamu wa lugha ni hii, na twaamini kwamba yaweza kutimizwa.

2. Sheria zasemaje?

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 1, yataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Ciluba kuwa lugha za taifa. Ibara ya 43 yaamuru kwamba masomo ya msingi yawe ya lazima, tena bila malipo katika shule za Serikali. Agizo hilo lilianza kutekelezwa nchini kote katika mwaka wa masomo 2019-2020. Kisha sheria ya Februari 2014 juu ya elimu ya taifa yataka lugha za taifa au lugha za mazingira ya mtoto zitumike katika kufundisha shule ya msingi. Wazo hilo lina umri mkubwa: wanaisimu wa Zaire walilijadili katika mkutano wao wa Lubumbashi, Mei 1974.

Kwa kuondoa malipo, Serikali imefungua mlango wa shule. Hata hivyo, mtoto aweza kuketi darasani na somo likampita. Yule ambaye wazazi wake huzungumza Kifaransa nyumbani huelewa maneno ya mwalimu tangu asubuhi ya kwanza. Mwenzake, mwana wa mchuuzi wa Katuba, ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kujifunza kusoma, na kujifunza lugha ambayo kwayo anafundishwa kusoma. Wote wawili hupewa mtihani mmoja.

3. Kusoma na kuhesabu

Kujua kusoma ni kutambua kwamba herufi huwakilisha sauti. Katika Kiswahili uhusiano huo ni wazi. Herufi o husomwa o popote ilipo, na michanganyiko kama sh na ch haina matatizo. Katika Kifaransa sauti hiyo ya o huandikwa o, au au eau. Na neno temps lina herufi tano, lakini sikio lasikia sauti mbili tu. Mtoto aliyekwisha kufahamu kanuni ya kusoma katika lugha aijuayo hataianza upya. Ataihamisha katika Kifaransa, akibakiwa na kazi ya kujifunza tahajia yake.

Hesabu nayo yatoa mfano mzuri. Asemaye kumi na moja ameona papo hapo kwamba idadi hiyo ni kumi pamoja na moja. Neno onze lauficha muundo huo.

4. Kiswahili kipi?

Hapa yatupasa kuwa waangalifu. Mtoto wa Lubumbashi husema batoto, bitabu, makumi mbili. Kitabu cha shule chasema watoto, vitabu, ishirini. Mwalimu akimwambia kila mara kwamba amekosea, Kiswahili sanifu chaweza kuwa kigeni kwake kama Kifaransa. Afadhali amwonyeshe ulinganifu: ba- ya nyumbani ni wa- ya kitabu, na bi- ni vi-. Hiyo ni kanuni, na watoto hupenda kanuni. Tena, makumi mbili laonyesha thamani yake waziwazi kuliko ishirini, neno lililotoka katika Kiarabu. Basi mwalimu aanze na la kwanza, kisha amfikishe mtoto kwenye la pili.

Aidha, Kiswahili si lugha ya kwanza ya wote. Mtoto wa Walungu huja shuleni na Kishi, wa Lubero na Kinande, wa Moba na Kitabwa. Ndiyo maana sheria ya 2014 imetaja lugha za mazingira, wala haikuishia katika zile nne.

5. Hofu ya wazazi

Wazazi wengi huogopa kwamba mtoto asomaye kwa Kiswahili atafungiwa njia ya ofisini. Hofu yao ina msingi, kwa kuwa Kifaransa ndicho lugha ya shule ya sekondari na ya vyuo vikuu. Lakini hakuna anayependekeza kukiondoa. Kifundishwe mapema kwa mazungumzo, kama somo. Kisha kichukue nafasi yake polepole, mtoto akiwa amekwisha kujua kusoma.

6. Kazi ya chuo kikuu

Kazi nyingi za mwisho wa masomo katika idara zetu huchambua sauti na ngeli, halafu hulala maktabani. Kila mwanafunzi aweza kuongeza kurasa chache zitakazomfaa mwalimu wa darasa la kwanza: jedwali la ulinganifu kati ya usemi wa mtaa na wa kitabu, msamiati wa hesabu, au hadithi fupi za kusoma kwa sauti katika lugha ya eneo alilochunguza. Kazi kama hizo hazidai fedha nyingi. Zikikusanywa na kujaribiwa katika shule zilizo karibu nasi, mwana wa mchuuzi na mwana wa hakimu wataweza kuanza somo la kwanza pamoja, kila mmoja akielewa anachoambiwa.