Nodi ya Blokucheni Ndani ya Seva: Uhuru Unaoambatana na Wajibu

Taasisi inayojenga mfumo unaotumia teknolojia ya blokucheni hulazimika kuamua jambo moja mapema: seva yake ipate taarifa kutoka nodi ya kampuni nyingine, au iendeshe nodi yake yenyewe. Uamuzi huo ndio unaoamua iwapo mwananchi anayeuliza salio lake atapewa jibu la kweli.

Blokucheni ni daftari la kumbukumbu linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi. Kila kompyuta inayohakiki na kutunza nakala ya daftari hilo huitwa nodi. Seva huiuliza nodi, na jibu inalopewa ndilo hufikishwa kwa mtumiaji.

Funzo la mwaka 2020

Novemba 11, 2020, nodi za kampuni ya Infura, inayohudumia mifumo mingi ya mtandao wa Ethereum, zilitengana na sehemu kubwa ya mtandao huo kwa kuwa zilitumia toleo la zamani la programu ya Geth. Watumiaji wa pochi ya MetaMask waliathirika, na soko la Binance lilisitisha kwa muda utoaji wa sarafu ya Ether.

Namna ya kuunganisha

Nodi ya Ethereum huweza kuendeshwa kwa Geth. Tangu Septemba 2022, mtandao ulipobadili utaratibu wa kuthibitisha miamala, Geth huhitaji kuambatana na programu ya pili, kama vile Lighthouse.

Geth inapowashwa, mlango wake wa HTTP huwa umefungwa. Mtaalamu huufungua kwa agizo la --http, na nodi huanza kupokea maombi katika anwani 127.0.0.1, mlango namba 8545. Anwani hiyo humaanisha kompyuta hiyo hiyo, hivyo aliye nje haifikii. Programu ya seva huelekezwa hapo kwa kutumia maktaba kama ethers.js au web3.py.

Kabla ya kutoa huduma, seva inapaswa kuuliza maswali mawili. La kwanza ni eth_chainId, ambalo mtandao mkuu hulijibu 0x1. La pili ni eth_blockNumber, linalotaja namba ya bloku ya mwisho. Kwa kuwa bloku mpya hutarajiwa kila baada ya sekunde 12, namba isiyoongezeka ni dalili kuwa nodi imebaki nyuma.

Mlango usiachwe wazi

Juni 2018, watafiti wa usalama wa kampuni ya Qihoo 360 ya China waliripoti kuwa wahalifu walikuwa wamekusanya zaidi ya Ether 38,000, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 20 za Marekani, kwa kuzitafuta nodi zilizoacha mlango 8545 wazi kwenye intaneti.

Kwa sababu hiyo, mlango huo usifunguliwe kwa umma. Endapo seva iko katika kompyuta nyingine, mawasiliano yapite katika mtandao wa ndani unaolindwa, na funguo za siri za akaunti zitunzwe nje ya nodi.

Kumiliki nodi huondoa utegemezi, lakini nodi yenye toleo lililopitwa na wakati huweza kukosea kama ya mtoa huduma yeyote. Anayeimiliki hana budi kuihuisha, kuifuatilia na kuilinda kila siku.