Je, Wajua? Kila Kitu na Tovuti Yake

Je, wajua kwamba kabla simu janja hazijaingia mifukoni mwetu, kuna watafiti waliotaka kumpa kila mtu, kila mahali na kila kitu ukurasa wake wa tovuti? Walikuwa katika maabara ya Hewlett-Packard huko Palo Alto, California, na mradi wao waliuita Cooltown. Kufikia mwaka 2000 walikwisha kueleza namna unavyofanya kazi. Kidude kidogo kinabandikwa ukutani, pembeni ya picha ya makumbusho au kwenye printa, nacho kinarusha anwani ya tovuti kwa miali ya infraredi, ile inayotumiwa na rimoti ya televisheni. Ukikielekezea kompyuta ya mkononi, ukurasa unafunguka. Wazo lilikuwa zuri sana. Kilichokosekana ni kifaa cha kulipokea mikononi mwa watu wa kawaida.

Njia rahisi zaidi ilikuwa imeshapatikana Japani mwaka 1994, tena kwa kazi nyingine kabisa. Wafanyakazi wa viwanda vya magari walichoka kuskani misimbo pau mingi kwenye sanduku moja la vipuri. Masahiro Hara, mhandisi wa kampuni ya Denso, akaupata msimbo wa QR akitazama mchezo wa Go, ambao kete zake nyeusi na nyeupe hupangwa kwenye makutano ya mistari ya ubao. Ile miraba mitatu ya pembeni haikuchorwa kwa kubahatisha. Hara na wenzake walipekua vipeperushi, magazeti na maboksi wakitafuta mpangilio wa weusi na weupe unaoonekana mara chache kuliko yote, wakaupata: 1:1:3:1:1. Ndiyo maana kamera huutambua msimbo hata ukiwa umepinda au umegeuzwa kichwa chini. Msimbo mmoja unaweza kubeba hadi tarakimu 7,089, na ukitengenezwa kwa kiwango cha juu cha ulinzi husomeka hata kama takriban asilimia 30 yake imechafuka au kuchanika. Denso ilikuwa na hataza, lakini iliruhusu watu wautumie bila malipo. Kwangu mimi, uamuzi huo ni mkubwa kuliko uvumbuzi wenyewe.

Mwaka 2012 mji mdogo wa Monmouth, Wales, ulibandika zaidi ya misimbo 1,000 kwenye majengo, maduka na makumbusho yake, kila mmoja ukielekeza kwenye makala ya Wikipedia. Mfumo huo, QRpedia, huangalia lugha ya simu yako. Simu iliyowekwa Kiswahili hupelekwa kwenye makala ya Kiswahili, mradi iwe imeandikwa. Fikiria Mji Mkongwe wa Zanzibar au Kilwa Kisiwani! Kazi iliyobaki ni ya kuandika.

Google nayo ilijaribu kurudisha wazo la Cooltown. Mwaka 2015 ilitoa Eddystone, jina la mnara wa taa wa Uingereza: utaratibu wa vidude vya bluetooth kurusha anwani kwa kila simu iliyo karibu. Watu wakajaziwa matangazo wasiyoyataka, na Desemba 2018 Google ikazima arifa hizo kwenye simu za Android. Karatasi ilishinda kwa sababu hainyanyui sauti. Inangoja mtu aitake.

Leo karatasi hiyo iko dukani kwa Mangi, muuza duka wa mtaani, kando ya Lipa Namba, yaani namba ya kulipia kwa simu. Benki Kuu ya Tanzania imeweka TANQR, na ya Kenya ikatangaza KE-QR mwaka 2023, ili msimbo mmoja upokee malipo ya mitandao na benki mbalimbali. Wezi nao hawakulala: mwanzoni mwa 2022 polisi wa Austin, Texas, walitahadharisha kuhusu vibandiko vya uongo kwenye mashine za kulipia maegesho. Kwa hiyo kabla ya kulipa, pitisha kidole juu ya msimbo. Ukikuta karatasi juu ya karatasi, mwite mwenye duka. Na jina linalotokea kwenye simu lisipokuwa la duka hilo, usiweke namba ya siri.